Mabonde ya maji Lindi na Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima na wafugaji

Maswali haya hurudi kila mara kwenye mikutano ya vijiji, kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) watu wakisubiri malipo ya korosho, na pembeni mwa malambo, kuanzia Kilwa hadi kingo za Ruvuma. Majibu yote yanasimama juu ya jambo moja: bonde lina faida kwako kwa sababu linabaki na unyevu wakati kwingine kumekauka. Lima, lisha, vua, kata ukindu, lakini usiliondolee maji yake.

Bonde letu hukauka kila ifikapo Septemba. Nalo linahesabika kuwa ardhioevu?

Ndiyo. Ardhioevu ni mahali popote ambapo maji hukaa juu ya ardhi, au karibu sana na uso wake, kwa muda wa kutosha kubadili udongo na majani yanayoota hapo. Si lazima maji yawepo mwaka mzima. Ziwa Rutamba ni ardhioevu, mikoko ya mdomo wa Mto Lukuledi ni ardhioevu, na kile kibonde kisicho na jina nyuma ya shamba lako la muhogo, kinachojaa Februari na kupasuka nyufa Septemba, ni ardhioevu vilevile.

Ukiwa na shaka, chukua jembe. Chimba shimo la kina cha goti, chonga ukuta mmoja wa shimo uwe safi, kisha utazame kwa mwanga wa asubuhi. Udongo wa juu mashambani kwetu ni mwekundu au wa kahawia. Wa bondeni utauona wa kijivu, na ndani ya kijivu hicho mna michirizi ya rangi ya kutu inayofuata njia za mizizi. Kijivu kinaonyesha kwamba maji yalifukuza hewa udongoni kwa wiki nyingi. Kutu ni madini ya chuma yaliyopata hewa kidogo iliyopenya kwenye mizizi. Alama hizo huzikuta hata kiangazi kikiwa kikali. Juu ya ardhi, tafuta mafunjo, matete na mikindu.

Bonde lisilolimwa si ardhi inayokaa bure?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwenyekiti wa kijiji alijibu kwa kirefu kabla ya kugawa ardhi.

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Zaidi ya nusu ya mwaka tunakunywa, tunanywesha na kumwagilia kwa maji ambayo ardhi iliyahifadhi. Nyanda za juu za Makonde ni mchanga mwingi: mvua ikinyesha Newala au Tandahimba, maji huzama na hayaonekani tena juu. Hujitokeza chini, miguuni mwa nyanda hizo, kama chemchemi za Ndanda, au hukusanyika chini ya mabonde kama la Kitangari, ambako mradi wa maji wa Makonde huyavuta na kuyapandisha juu kwa watu. Kwa hiyo mtu wa Newala anaweza asikanyage Kitangari mwaka mzima, na bado ndoo yake ikategemea namna bonde lile linavyotumiwa.

Kuna na mafuriko. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa pwani, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Kilwa na watu wakakwama. Sidai kwamba bonde lenye majani lingeizuia mvua kama ile. Ila maji yanayopita kwenye matete na kutawanyika bondeni hufika chini polepole na yakiwa na tope kidogo, na yale yanayopita kwenye mtaro ulionyooka hufika yote kwa pamoja.

Sheria inaniruhusu kulima au kulisha bondeni?

Inategemea uko sehemu gani ya bonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa la asili, bwawa au ufukwe wa bahari shughuli zozote za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya kingo hizo. Mita 60 ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Pima kwa hatua ujionee. Sheria hiyohiyo inalinda ardhioevu kwa jumla, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua kwamba maeneo ya aina hii yanaweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi.

Nje ya ukanda huo, kilimo na ufugaji bondeni havikatazwi moja kwa moja. Vinatakiwa viendane na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na sheria ndogo zake. Ukiwa kwenye ardhi ya hifadhi ya msitu, hifadhi ya wanyamapori au hifadhi ya bahari, mambo ni mengine kabisa na ruhusa ya kijiji haitoshi.

Nataka kulima mpunga. Nifanyeje bonde lisife?

Mpunga ni zao linalopatana na bonde kuliko mengi, kwa sababu wenyewe unataka maji yakae. Tatizo huja na namna tunavyouandalia shamba.

Anza kwa kujua moyo wa bonde uko wapi, yaani sehemu inayobaki na maji mpaka mwisho wa kiangazi, na macho ya chemchemi. Hapo pasilimwe, hata pakiwa na udongo mweusi unaovutia namna gani. Acha na ukanda wa majani na miti pande zote za mkondo. Lima kati ya moyo wa bonde na mteremko.

Majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji, yafuate usawa wa ardhi, tuta likikingama na mteremko, sio kushuka nao. Tuta la kimo cha goti linatosha kwa wakulima wengi. Mahali pa kutolea maji pawe padogo na paimarishwe kwa mawe au magunia ya mchanga, maji yatoke jaruba moja kuingia jingine, sio kila jaruba kumwaga kwenye mfereji mmoja mkubwa. Mkifanya hivi kwa majirani watano au sita waliofuatana, maji ya Machi yanaweza kuwafaa wote. Mmoja akikata tuta usiku, wa chini anafurika na wa juu anakauka, na kesi inaanza. Ndiyo maana makubaliano ya nani anafungulia lini yafanyike kabla ya kupanda.

Baada ya kuvuna, usichome mabua. Yaache yafunike ardhi, au uyakate ulishe mifugo. Unyevu uliobaki unatosha kunde, matango au bamia kwenye sehemu ya kati, na bustani ya mchicha na nyanya kwenye kingo kwa kumwagilia na ndoo. Kwenye mteremko unaoshuka bondeni panda mbaazi, au acha mikorosho na majani yake, kwa kuwa tope linaloujaza moyo wa bonde hutoka huko juu. Mikorosho yenyewe usiishushe bondeni. Mizizi yake haistahimili maji yanayotuama.

Nikichimba mtaro kutoa maji yaliyozidi, kuna ubaya gani?

Ubaya wake hauonekani mwaka wa kwanza, na hapo ndipo watu wengi wazuri wanapoponzeka. Mwaka wa kwanza mavuno yanakuwa mazuri sana: udongo umepata hewa, mboji ya miaka mingi inaoza haraka na kuachia rutuba yake yote. Miaka michache baadaye mboji imekwisha, ardhi imetitia na kuwa ngumu, na visima vya jirani vinashuka.

Halafu mtaro wenyewe unaanza kujichimba. Maji yanayokimbia hula sakafu yake, na pale unapoanzia panatokea kijigenge. Kila mvua kubwa kijigenge hicho kinabomoka na kurudi nyuma, hatua moja, hatua tatu, kikipanda bonde kuelekea chemchemi. Mtaro uliochimbwa kwa jembe unakuwa korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka.

Kama mtaro umeshachimbwa, uzibe. Anzia juu, karibu na unapoanzia, kwa sababu huko maji bado ni machache. Pigilia vigingi vya miti mibichi inayochipua, jaza nyuma yake magunia ya mchanga na majani, na katikati ya kizuizi pawe chini kidogo kuliko pembeni ili maji yapite juu yake bila kula kingo. Kizuizi kinachofuata kikae mahali ambapo kilele chake kinalingana na kitako cha kile cha juu. Kazi hii ifanyike Agosti hadi Oktoba, wakati bonde limekauka. Korongo likishazidi kimo cha mtu, muiteni mtaalamu wa halmashauri kabla ya kuligusa.

Ng'ombe waingie bondeni mwezi gani?

Tazama kwato kabla ya kutazama kalenda. Mpitishe ng'ombe mmoja mzima kwenye majani ya bondeni. Kwato zikiacha shimo, na shimo likaanza kujaa maji, funga njia, hata kama ni Julai. Ardhi mbichi ikikanyagwa hugandamana. Vijitundu ambavyo maji yangepitia kuzama vinazibika, na msimu unaofuata mvua inatiririka juu. Kwato zikiacha alama tu, waingie.

Kwa mabonde mengi ya huku, hilo hutokea kati ya Juni na Agosti. Ndiyo neema ya bonde kwa mfugaji: majani ya juu yamekuwa makavu kama karatasi na hapa bado kuna kijani. Kwa hiyo usiyamalize mwanzoni. Gawa bonde sehemu tatu au nne, lisha moja mpaka majani yabaki na urefu wa kiganja, kisha hamia nyingine. Chini ya hapo unakula mizizi ya mwakani. Mifugo yote itoke kabla ya mvua za kwanza, machipukizi yapate nafasi.

Mabua ya mpunga ni chakula kizuri, na samadi inamfaa mwenye shamba. Mkulima na mfugaji wakikubaliana tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kila mmoja anapata. Asiyekubaliana na mwenye shamba asiingize hata mbuzi.

Mifugo inywe wapi?

Nje ya maji. Ng'ombe wetu wa asili hunywa takriban lita 25 hadi 40 kwa siku kutegemea joto na majani anayokula. Kundi la 50 ni kama lita 1,500 kila siku, na wote wakishuka kingo zilezile, kingo hubomoka, na maji ambayo watu watachota jioni yanajaa mkojo na kinyesi. Chimbeni lambo au kisima pembeni, vuteni maji kwa pampu ya mkono au kwa bomba la mteremko hadi kwenye mbauti (birika la kunyweshea mifugo) iliyojengwa juu ya ardhi kavu, yenye mawe kuzunguka ili pasiwe matope. Jiwe la chumvi liwekwe mbali na maji kabisa. Ng'ombe hufuata chumvi, na mkiiweka juu mnawatoa bondeni bila fimbo.

Afya pia inahusika. Konokono wa majini hubeba minyoo bapa ya ini, na mnyama huiokota akila majani ya kwenye maji. Mfugaji anayenywesha kwenye mbauti na kulisha bonde likiwa kavu hupunguza ugonjwa huo kabla ya kununua dawa. Kukaa kwenye matope muda mrefu huozesha kwato.

Wafugaji wamehamia kwetu na ugomvi hauishi. Bonde ni la nani?

Swali hili huulizwa kwa hasira na pande zote mbili, na hasira ina sababu. Lindi na Mtwara hazikuwa mikoa ya ng'ombe wengi. Mbung'o walihakikisha hivyo kwa vizazi. Mwaka 2006 na 2007, mifugo ilipoondolewa bonde la Usangu kule Mbeya, wafugaji wengi, Wasukuma na Wabarbaig miongoni mwao, walielekea Lindi na Pwani. Wenyeji wakajikuta na makundi makubwa kwenye mabonde ambayo walizoea kulima peke yao, na wafugaji wakajikuta wamefika mahali ambako njia za mifugo na malambo bado hayakuwa tayari. Tukisahau upande mmoja wa habari hii tunapanga vibaya.

Kisheria, bonde lililo kwenye ardhi ya kijiji linasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na uamuzi mkubwa ni wa mkutano mkuu wa kijiji. Mfugaji aliyepokelewa kijijini kwa utaratibu ni mwanakijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji uwezo wa kutenga maeneo, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya 2010 inahusu ardhi ya malisho hasa.

Mipango inayodumu, kwa ninavyoona, ni ile ambayo mfugaji alikuwepo tangu siku ya kutembea bondeni, sio aliyeitwa kusomewa. Tembeeni pamoja: wazee wanaojua chemchemi za zamani, wanawake wanaochota maji, wenye mpunga, wachungaji vijana (maana wao ndio wanaochunga, mwenye ng'ombe yuko nyumbani). Wekeni alama za kudumu, mawe au miti. Pangeni njia ya mifugo yenye upana wa kutosha makundi mawili kupishana. Kubalianeni tarehe, fidia ya mazao yaliyoliwa, na pia adhabu ya anayelima ndani ya njia ya mifugo, kwa kuwa hilo nalo hutokea sana. Makubaliano yakishapita mkutano mkuu yaende yakawe sheria ndogo kupitia halmashauri ya wilaya. Bila hapo yanabaki maneno.

Tuchome majani ya zamani yapate kuchipua?

Bondeni, hapana. Udongo mweusi wenye mboji nyingi unaweza kuungua chini kwa chini siku kadhaa, na hakuna wa kuuzima. Porini juu, ambako moto wa mapema baada ya mvua huzuia moto mkali wa Septemba, fuateni utaratibu wa kijiji na mlinde kingo za bonde kwa njia ya moto.

Mikaratusi?

Ipandwe mbali. Inakunywa sana na mizizi yake hufika chini. Kwenye kingo panda mikuyu, mikindu, mizambarau au mianzi.

Salfa na dawa za mikorosho zinadhuru bonde?

Zinaweza. Salfa hupulizwa kiangazi dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, upepo huipeperusha, na mvua ya kwanza huiteremsha bondeni, ambako huongeza uchachu wa udongo. Pulizeni alfajiri hewa ikiwa imetulia. Dawa za maji za wadudu ni hatari zaidi kwa samaki. Tabia ya kuosha bomba la kupulizia kwenye dimbwi la karibu inaniumiza sana kuiona, kwa sababu mara nyingi watoto wanaogelea hapohapo. Osha shambani, mwaga maji ya kuoshea chini ya mikorosho yenyewe, na kopo la dawa lisigeuzwe kata ya kunywea wala kuchotea.

Pampu ya kumwagilia inahitaji kibali?

Kuchota kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji. Kuvuta maji kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji au biashara kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa mikoa hii anayehusika ni Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi Mtwara. Wakulima wa mkondo mmoja wanaweza kuunda jumuiya ya watumia maji. Nashauri hivyo, kwa kuwa jumuiya huweza kupanga zamu Oktoba maji yanapopungua. Pampu isiwekwe kwenye jicho la chemchemi.

Na samaki?

Kambale huingia kwenye majani yaliyofurika mvua zikianza, wakataga huko. Anayekinga mkondo mzima kwa nyavu wakati huo anavua samaki wa mwaka mzima kwa siku chache. Bwawa la perege lichimbwe pembeni mwa bonde, sio katikati.

Kijiji chetu kiko pwani. Tunaweza kufyeka mikoko tukalima mpunga?

Msifanye. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa uliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mdomo wa Ruvuma nao umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyoanzishwa mwaka 2000.

Hata kusingekuwa na sheria, hesabu inakataa. Udongo wa mikoko umebeba madini ya salfa na chuma ambayo yakiwa chini ya maji yametulia. Ukiukausha, yanakutana na hewa na kuwa tindikali. Misimu michache ya mpunga, kisha ardhi inachachuka na chumvi inapanda, na mikoko yenyewe inapata shida kurudi. Kamba na kaa waliokuwa wakikulia hapo wanakuwa wameondoka.

Mbu na kichocho je? Si heri tukaushe tu?

Ugonjwa ni wa kweli na haufai kupuuzwa. Lakini mbu wa malaria hupenda sana vidimbwi vidogo vyenye jua, kama mashimo ya kwato, ya matofali na mitaro iliyoziba, na hivyo huongezeka bonde likivurugwa. Lala ndani ya chandarua. Kwa kichocho, choo kitumike na kila mtu, watoto wasikojoe majini, na mwenye kufanya kazi kwenye maji yaliyotuama avae buti.

Viboko na mamba wa Ruvuma wanatuzuia kulima kingoni.

Ukanda ule wa mita 60 unawakinga na nyie. Bustani iliyo ukingoni kabisa huita kiboko usiku. Choteni na kunywesha mahali palipo wazi, kwa kundi, na taarifa za mnyama msumbufu zipelekwe kwa mtendaji wa kijiji ili zifike kwa askari wa wanyamapori.

Bonde letu limeshachakaa. Litarudi?

Mara nyingi linarudi, kwa sharti kwamba chanzo cha uharibifu kimeondolewa kwanza. Kupanda miti juu ya mtaro unaoendelea kutoa maji ni kupoteza miche. Ziba mtaro, funga mifugo nje kwa misimu miwili ya mvua, zuia tope kutoka mteremkoni, kisha subiri. Mbegu za mafunjo huweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja maji. Huenda usihitaji kupanda chochote zaidi ya nyasi za vetiva au mabingobingo kwenye kingo zilizobomoka.

Chagueni kisima kimoja karibu na bonde, na kila mwisho wa mwezi mtu mmoja apime kwa kamba kina cha kufikia maji, aandike kwenye daftari la kijiji. Linganisheni Oktoba na Oktoba.

Tuanzie ofisi gani?

Kwa mtendaji wa kijiji, muombe ajenda ya bonde iingie kwenye mkutano mkuu unaofuata. Afisa ugani wa kilimo na yule wa mifugo waitwe wote wawili siku moja, wasije kila mmoja na maelekezo yake. Mkishatembea bondeni na kuchora ramani hata ya mkono, ipelekeni kwa mkurugenzi wa halmashauri kuomba wataalamu wa mpango wa matumizi ya ardhi, na nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Mkiweza kufanya hivyo kati ya Juni na Agosti, kazi ya kuziba mitaro itaingia kabla ya mvua za Novemba.